Mgonjwa katoka thieta ya ngiri au ya tumbo: jinsi ya kumhudumia nyumbani, kipi ni cha kawaida na kipi ni cha kukimbiza hospitali

Ndugu zangu, watu wengi wakishaambiwa "oparesheni imeenda salama" wanajua shughuli imeisha, wanachangishana nauli, wanambeba mgonjwa wao kurudi nyumbani, kumbe ndo kwanza kazi inahamia kwao. Mimi ni nesi wa wodi ya upasuaji na kinachoniumiza roho ni kumpokea tena mgonjwa niliyemruhusu akiwa anatembea vizuri, safari hii kaletwa hoi, na ukiuliza unaambiwa hali ilianza siku nne nyuma, "tulidhani ni malaria" au "alikuwa anaona aibu kusema". Kwaiyo naandika hapa hatua kwa hatua, kuanzia kitanda cha hospitali mpaka mtu anarudi kazini kwake, na nitakaa zaidi kwenye zile siku ambazo mambo huwa yanaharibika.

Kwanza tuelewane kwa ufupi. Ngiri ni pale ukuta wa tumbo unapokuwa na sehemu dhaifu, afu mafuta ya tumboni au utumbo wenyewe unapenya unatokeza nje chini ya ngozi, kama mpira wa ndani unavyotokeza kwenye tairi lililochanika. Inayoongoza ni ya kinena, na kwa wanaume ni jambo la kawaida sana, zaidi ya mmoja kati ya wanne anaipata katika maisha yake, wanawake wanaipata wachache zaidi. Kuna ya kitovu, kuna ya juu ya kitovu, na kuna ile inayotokea kwenye kovu la oparesheni ya zamani. Busha ni kitu kingine, ni maji yamejaa kuzunguka korodani, na huku kwetu pwani, Lindi, Mtwara, Tanga mpaka Zanzibar, mengi yametokana na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Oparesheni zake hazifanani, kwaiyo usitoke hospitali bila kujua umefanyiwa ipi.

HATUA YA 1: Kabla hujatoka wodini

Usiondoke bila karatasi ya ruhusa na hakikisha imeandikwa jina la oparesheni. Muulize daktari au nesi: mmeweka wavu (kile kipande cha neti laini cha kuziba sehemu dhaifu) au mmeshona nyuzi tu? Nyuzi za nje zinatolewa au zinayeyuka zenyewe? Zinatolewa lini na wapi? Kliniki ni tarehe ngapi? Kama kuna kitu kimekatwa kikapelekwa maabara, majibu nafuata kwa nani? Hili la mwisho watu wanalisahau sana, mtu anatolewa uvimbe tumboni afu majibu yanakaa kabatini miezi.

Kuhusu wavu, najua kuna watu wanaogopa kuwekewa "kitu cha plastiki" mwilini. Kwa ngiri ya kinena ya mtu mzima, wavu unapunguza sana uwezekano wa ngiri kurudi kuliko kushona tu misuli kwa nyuzi. Shida ilikuwa bei. Hapa jirani zetu mashariki mwa Uganda ulifanyika utafiti uliotoka 2016, wanaume 302 wakagawanywa, wengine wakawekewa wavu wa dukani wa gharama kubwa, wengine wakawekewa wavu uliotengenezwa kwa malighafi ile ile ya neti ya mbu, ukasafishwa kitaalamu na kuuliwa vijidudu. Baada ya mwaka mmoja matokeo yalikuwa karibu sawa, kati ya wote ngiri ilimrudia mmoja tu. Kwaiyo wavu usikutishe, we uliza tu kama umewekewa, manake hiyo taarifa utaihitaji huko mbele.

Kingine: usitoke kabla hujakojoa. Naomba hili lishike kabisa. Sindano ya ganzi ya mgongo inalegeza kibofu kwa masaa kadhaa, na mzee mwenye tezi dume ndo kabisa, unakuta karuhusiwa mchana, usiku tumbo la chini limejaa, mkojo hautoki hata tone, anagalagala. Ikitokea umeshafika nyumbani usisubiri asubuhi na usimnyweshe maji mengi "ili usukume", mrudishe akawekewe mpira wa mkojo, ni kazi ya dakika chache na anapata nafuu hapo hapo.

Usafiri wa kurudi: bajaji au gari. Bodaboda na matuta yetu haya kidonda kikiwa kibichi hapana, bora uchelewe kutoka.

HATUA YA 2: Siku tatu za mwanzo

Kuinuka kitandani kuna namna yake. Asiinuke kwa kukaza tumbo kama alivyozoea. Ageukie ubavu kwanza, ashushe miguu nje ya kitanda, afu ajisukume kwa mkono mpaka akae. Akitaka kukohoa, kupiga chafya au hata kucheka, achukue mto mdogo au kanga iliyokunjwa akandamize juu ya kidonda kwa viganja viwili, ndo akohoe. Mfundishe hivo siku ya kwanza, manake mgonjwa anayeogopa kukohoa anabana makohozi kifuani na mwisho wake ni nimonia, hasa kwa aliyepasuliwa tumbo kwa mshono mrefu na wavuta sigara.

Atembee. Siku hiyo hiyo au kesho yake, taratibu, mpaka chooni na kurudi, mpaka uani na kurudi. Najua nyumbani tunampenda mgonjwa kwa kumlaza, analetewa kila kitu kitandani, lakini kulala kutwa nzima kunagandisha damu kwenye mishipa ya miguu. Mguu mmoja ukivimba, kigimbi kikawa kinauma na kina joto kuliko cha pili, hospitali. Na akibanwa pumzi ghafla au kifua kikachoma anapovuta hewa, hiyo hata msikae kujadiliana, tafuteni gari.

Dawa za maumivu apewe kwa saa, asingojee mpaka alie. Parasetamo kwa mtu mzima mwenye ini zima ni vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya masaa 6, visizidi vinane ndani ya masaa 24, na angalia dawa za mafua za dukani nyingi zina parasetamo ndani yake kwaiyo mtu anazidisha bila kujua. Diklofenaki na brufeni zinasaidia sana, ila kwa mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu au pumu asipewe bila daktari kujua.

Sasa yale ya kawaida yanayowatisha watu bure. Aliyepasuliwa kinena anaweza kuamka siku ya pili akakuta korodani na hata uume umevimba na umepiga weusi au zambarau. Ni damu iliyovuja chini ya ngozi ikashuka kwa sababu huko ndo chini, itabadilika rangi na kupotea kwa wiki mbili tatu. Avae chupi inayobana vizuri, sio bukta, imshikilie, na akilala aweke taulo iliyokunjwa chini ya korodani. Ila kama uvimbe unaongezeka kwa kasi, unakuwa mgumu, maumivu makali upande mmoja, apelekwe, manake mara chache damu inayokwenda kwenye korodani inabanwa na korodani inaweza kusinyaa baadae. Hapa ndo aibu inapoua. Wazee wetu hawawezi kumwonyesha binti yake wala mkwe, kwaiyo tafuteni kijana wa kiume au mkewe awe anaangalia kila siku, mpeane hiyo kazi kabisa.

Pale ngiri ilipokuwa panaweza kujaa maji, ukishika unahisi kama imerudi. Mara nyingi ni maji ya kidonda tu, mwili unayanyonya wenyewe ndani ya wiki kadhaa, usiyakamue na usitoboe kwa sindano. Aliyefanyiwa oparesheni ya matundu madogo kwa kamera anaweza kuumwa bega siku mbili tatu, ni ile gesi waliyojaza tumboni, inaisha. Aliyechomwa sindano ya mgongo anaweza kupata kichwa kinachomgonga akikaa na kutulia akilala, anywe maji na chai, apumzike, apate dawa ya maumivu. Kikiendelea siku kadhaa au kikija na homa na shingo kukakamaa arudishwe.

Aliyepasuliwa tumbo akaguswa utumbo, kula ni kwa maelekezo ya daktari wake, wengine wanaanza uji mapema, wengine wanasubirishwa. Mkiwa nae nyumbani angalieni kama anatoa hewa. Ndio, kujamba, msione haya kumuuliza, huo ndo ujumbe kwamba utumbo umeamka. Akiwa hatoi hewa, tumbo linajaa, anatapika, hasa matapishi ya kijani, huyo asipewe chochote mdomoni, arudi hospitali.

HATUA YA 3: Siku ya nne mpaka ya kumi, hapa mkae macho

Hizi ndo siku zenyewe. Mgonjwa kashachangamka, wageni wamepungua, kila mtu karudi kwenye shughuli zake, na hapo ndo kidonda kinapoamua kuoza au kupona.

Angalia kidonda kila siku mchana, kwenye mwanga. Siku mbili za mwanzo kiachwe kimefunikwa na kikavu. Baada ya hapo, kama hospitali hawajasema vinginevyo, maji safi yakipita juu sio tatizo, kausha kwa kugusagusa na kitambaa safi, usisugue. Kuloweka kwenye beseni au kwenda kujitia baharini "chumvi ikaushe" hapana, mpaka kifunge kabisa. Wekundu mwembamba pembeni ya nyuzi ni kawaida, na kaugumu chini ya kovu ni kawaida, kanakaa hata miezi. Kinachotakiwa kukushtua ni wekundu unaopanuka leo kuliko jana, joto, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, harufu, usaha, au kingo kuachana.

Usikipake kitu. Nasema hivi nikiwa nimeosha vidonda vilivyopakwa dawa ya meno, majivu, mafuta ya taa, na hasa ule mchezo wa kufungua vidonge vya rangi mbili na kumwagia unga wake kwenye kidonda. Ule unga unagandamana na majimaji, unatengeneza gamba gumu, juu panaonekana pakavu kila mtu anafurahi, chini usaha unachimba. Tukija kulitoa lile gamba mgonjwa anapiga kelele wodi nzima inasikia. Na antibayotiki usinunue dukani kwa kubahatisha, kidonda chenye usaha kinataka kufunguliwa kioshwe, vidonge peke yake havitoi usaha uliojifungia ndani.

Homa. Ndugu zangu homa baada ya oparesheni msiipeleke moja kwa moja kwenye malaria. Pima malaria sawa, kipimo kinachukua dakika 15, lakini hata kikisoma unayo bado mgonjwa aonwe na aliyempasua au hospitali yoyote yenye upasuaji, manake mtu anaweza kuwa na vimelea vya malaria kwenye damu na usaha tumboni kwa wakati mmoja. Homa ya siku moja mbili za mwanzo mara nyingi ni mwili unaitikia tu. Homa inayoanza siku ya nne, ya tano, ya saba, na mgonjwa alikuwa ameshapoa, hiyo ina sababu na inatafutwa.

Aliyekatwa na kuungwa utumbo ana hatari yake ya peke yake, muungo kuvuja. Mara nyingi ni ndani ya wiki ya kwanza hadi siku ya kumi hivi. Dalili haziji na kelele mwanzoni: mgonjwa anakataa chakula alichokuwa anakula jana, mapigo ya moyo yanaenda mbio hata akiwa amelala, tumbo linakuwa gumu na linauma ukiligusa, anahema harakaharaka, anachanganyikiwa kidogo, mkojo unapungua. Mama anakwambia "leo simwelewi". Hiyo kauli ya anayemuuguza mimi naiheshimu kuliko vipimo vingi, ukiona humwelewi mgonjwa wako mlete.

Na kuna hii moja nataka niielezee taratibu kwa sababu ikitokea nyumbani watu wanapoteza akili. Mgonjwa mwenye mshono mrefu wa katikati ya tumbo, siku ya tano mpaka ya kumi hivi, bandeji inalowa ghafla maji yenye wekundu mwepesi, sio usaha, sio damu nzito, maji tu, mengi, yanalowesha kanga na shuka. Hana maumivu makali, wengine wanasema wamehisi kitu "kimeachia" walipokohoa au walipokuwa wanajikamua chooni. Hayo maji ni onyo kwamba ule mshono wa ndani unaoshika misuli umefumuka, na ngozi peke yake ndo imeshikilia. Mlaze chali, magoti yakunjwe kidogo, asinyanyuke, asile wala asinywe, tafuteni gari muda huo huo. Kama ngozi nayo imeachia na utumbo unaonekana, usiurudishe ndani, usiushike kwa mikono. Chukua kitambaa kisafi kabisa, kilowanishe kwa maji ya drip kama yapo au maji yaliyochemshwa yakapoa, funika, juu yake weka nailoni safi ili kisikauke, na muondoke. Nimeona waliofanyiwa hivi wakarudishwa thieta na leo wapo shambani wanalima.

Sasa kina mama waliojifungua kwa oparesheni. Najua kwetu mzazi lazima akandwe na maji ya moto na afungwe tumbo, bibi akifika kutoka kijijini hilo ndo la kwanza kuuliza. Shikamoo zote kwa bibi zetu, ila kidonda kibichi hakikandwi. Maji ya moto na lile taulo linalokandamizwa yanaunguza ngozi ambayo kwa wakati huo haina hisia vizuri, kidonda kinalowa, kinafumuka. Na kule kufunga kwa khanga kwa nguvu hakurudishi tumbo, kunambana pumzi na kutunza jasho juu ya mshono. Mkanda laini wa kushikilia ili aweze kutembea, sawa. Mwambie bibi kwa adabu, mpe kazi ya kumkanda mgongo na miguu na kumbeba mtoto. Ukeni akitoka damu nyingi inayolowesha pedi ndani ya saa moja, au uchafu wenye harufu kali na homa, hospitali siku hiyo hiyo.

HATUA YA 4: Choo

Choo kigumu ni adui wa mshono. Dawa kali za maumivu kama tramado zinafunga choo, kulala kunafunga choo, kula ugali na nyama tu kunafunga choo. Akisharuhusiwa kula kawaida apate papai, mchicha, matembele, maharage kiasi na maji ya kutosha. Siku tatu bila choo na anatoa hewa vizuri, muulize mfamasia dawa ya kulainisha. Asijikamue. Choo cha kuchuchumaa kikimpa shida, toboeni kiti cha plastiki kiwekwe juu yake, gharama yake ndogo.

HATUA YA 5: Kurudi kazini na kunyanyua vitu

Hapa ndo tunabishana sana na wagonjwa, na siwalaumu, mtu anayebeba mizigo sokoni asipofanya kazi leo watoto hawali leo. Kwa ngiri ya kawaida iliyowekwa wavu, kutembea, kupika chepesi, kukaa dukani, anaweza ndani ya wiki moja mbili kadri maumivu yanavyomruhusu. Kunyanyua vizito asubiri wiki nne mpaka sita. Ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20, hiyo ni nzito. Gunia, zege, kusukuma mkokoteni, jembe la mkono kwenye udongo mgumu, ngoja. Aliyepasuliwa tumbo katikati kwa mshono mrefu asubiri zaidi, wiki sita mpaka nane angalau, na kazi nzito kabisa hata miezi mitatu, daktari wake ndo atamwambia. Kwaiyo pangeni mapema kabla ya oparesheni: nani atachota maji, nani atashika kibanda. Kama oparesheni sio ya dharura chagueni msimu ambao shamba halidai.

Bodaboda anayeendesha asishike pikipiki mpaka aweze kukanyaga breki kwa ghafla bila kusita kwa maumivu. Tendo la ndoa hakuna tarehe iliyoandikwa, maumivu yakiisha na kidonda kikifunga anaweza, wengi baada ya wiki mbili tatu, asianze kwa kujibebesha uzito.

HATUA YA 6: Miezi na miaka baadae

Ganzi kwenye kinena au juu ya kovu ni kawaida, mishipa midogo ya fahamu inaguswa. Lakini maumivu yanayoendelea kupita miezi mitatu, yanayochoma kama umeme ukikaa au ukipanda ngazi, hayo yana jina na yana matibabu, takribani mtu mmoja kati ya kumi wa ngiri ya kinena anabaki na maumivu yanayomsumbua kwenye shughuli zake. Usiambiwe "umezoea kulalamika". Rudi kliniki.

Wavu unaweza kupata maambukizi hata baada ya miezi, dalili yake ni kovu lililokuwa limepona linafungua kitundu kinatoa usaha, kinakauka, kinatoa tena. Hicho hakitibiwi na dawa za kupaka.

Waliopasuliwa tumbo, hata miaka kumi nyuma, utumbo unaweza kunata na makovu ya ndani ukajikunja. Tumbo linasokota kwa vipindi, linajaa, unatapika, hupati choo wala hewa. Usinywe dawa ya kuharisha, ni dharura.

Na kovu la katikati ya tumbo kutokeza ngiri mpya sio nadra, hutokea kwa kati ya mtu mmoja hadi wawili kwa kila kumi. Kinachoongeza ni kidonda kilichooza wakati ule, unene, sigara, sukari isiyodhibitiwa, kikohozi kisichoisha na kukamua mkojo. Kwaiyo mwenye kikohozi zaidi ya wiki mbili akapime TB, mzee anayesimama chooni robo saa akaangaliwe tezi dume, na hayo yafanyike kabla ya kurudiwa oparesheni, la sivyo mshono mpya utafuata njia ya ule wa zamani.

Ukiona uvimbe umerudi, lala chali uone kama unaingia ndani wenyewe. Ukiingia, una muda, nenda kliniki kwa utaratibu na ile karatasi ya ruhusa mkononi, daktari atataka kujua kama kuna wavu. Ukigoma kuingia, ukawa mgumu, unauma, ngozi inabadilika rangi na unatapika, utumbo umenasa na damu haipiti, hapo ni suala la masaa. Usikandwe, usisukumwe kwa nguvu, usile kitu njiani manake unaenda moja kwa moja thieta.